Mzimu wa Kirumba

Kwenye kivuko cha kutoka Kamanga, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alimwonyesha bibi wa pembeni yake vazi jeupe la mzimu. Alikuwa amemshonea binti yake kwa ajili ya Halloween, ile sikukuu ya kigeni ya watoto kujivika kama mizimu. "Leo jioni anataka kuzunguka Kirumba akiomba pipi. Naogopa watamfukuza, bibi."

"Mimi nakaa Kirumba, na nitamfukuza! Keshokutwa tunasali makaburini kuwaombea wafu wetu, wewe unamvalisha mtoto kama marehemu?"

"Lakini atawaamkia kwanza."

"Mzimu mwenye shikamoo!" Bibi alicheka mpaka kitenge kikamlegea. Mimi nilijifanya natazama ziwa. "Sisi tulizunguka Krismasi kuomba sikukuu, mwanangu, tena kwa sura zetu."

"Kwa hiyo asije kwako?"

Kivuko kikagusa gati. Bibi akanyanyua kapu lake. "Nimesema sipendi. Karanga anakula?"