Hesabu ya Tatu

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha fundi viatu, na tangu mwezi jana limegeuka chuo cha kujihami. Mwalimu ni Komandoo, mlinzi wa geti la ghala, ambaye silaha yake ya kila siku ni daftari la wageni. Alitufundisha kuchomoa mkono ulioshikwa: geuza kiganja, vuta upande wa dole gumba, hesabu moja, mbili, tatu. Tulifanya mazoezi tukiwa tumeketi, kikombe cha kahawa mkono wa pili. Jana asubuhi kibaka alimdaka Fundi kwenye kichochoro cha nyuma, na mbinu ikagoma. Leo Fundi amekuja kifundo cha mkono kimevimba, hata sindano hashiki. Lakini kinachomkosesha raha ni kingine: kesho binti yake anaanza kazi kwenye kiwanda cha mikate, na njia ni hiyo hiyo.

— Ulivuta upande wa dole gumba? — Komandoo akauliza.

— Nilivuta.

— Ukahesabu?

— Tena kwa sauti.

— Basi kosa ni la yule jamaa. Hajui utaratibu.

Dokta, ambaye hutibu redio tu, akasafisha koo.

— Tatizo ni baridi. Mkono ukipoa mishipa inalala. Hapa tulikuwa na kahawa. Fundi angeshika kikombe, saa hizi tunaongea mengine.

— Atembee na kikombe kichochoroni?

— Chenye mfuniko.

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia.

— Mi nawaambia, — Komandoo akasema, — hawa vibaka wana chuo chao. Wanafundishwa kuruka tatu, wanaachia kwenye saba.

— Nani kakwambia?

— Kaa getini miaka kumi na moja, utajua mengi.

— Basi tuhesabu mpaka nane, — Dokta akaamua.

Fundi hakucheka. Alikuwa anauangalia mkono wake, na mimi nikaona aibu. Kwenye mazoezi yale mimi ndiye niliyekuwa namshika, na kila ikifika tatu namwachia, kahawa isije ikapoa.

Ndipo binti yake akaja na dawa ya kuchua.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Akaanza kumchua baba yake, anasikiliza mambo ya vikombe na nane. Mwishowe akauliza:

— Baba, kwani ulitokaje?

Tumekaa hapo tangu mchana na hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

— Aa, mambo ya aibu hayo, mwanangu.

— Niambie tu. Kesho napita mimi.

Fundi akainamisha kichwa.

— Nilikaa chini. Tatu imepita, hajaachia, miguu ikaisha nguvu. Nikakaa kwenye tope kama mtoto anayegoma kwenda shule, nikapiga yowe. Kuninyanyua akashindwa. Akaniachia, akakimbia.

Binti akaweka chupa ya dawa chini, akaninyooshea mkono.

— Shika, baba mdogo.

Nikashika.

— Moja… — Komandoo akaanza.

— Usihesabu! — Fundi akamkata, kisha akanigeukia. — Na wewe, leo usimwachie.

Nikakaza. Binti akakaa chini kwa uzito wake wote, akapiga yowe la kutoa watu madukani, na mimi nikaenda naye mpaka vumbini, kahawa na vyote.