Abiria Walikataa Kuvaa Jaketi

"Mama, ripoti ya serikali iko wazi mtandaoni, haifichi kitu," alisema Nuruddin, mfanyabiashara wa Geita aliyekaa mbele yangu kwenye boti kutoka Nkome. Sote tulikuwa na jaketi za kuokolea, tulizokaguliwa nazo mwaloni kabla ya kung'oa nanga. "Boti ile iliyozama mwaka jana, watu walikufa kwa sababu walikataa kuvaa jaketi."

Muuza dagaa aliyekuwa pembeni yake alimkazia macho. "Mwanangu Enock alikufa humo. Jaketi alivaa, nilimfunga mikanda mwenyewe."

"Basi alivua mbele ya safari."

"Avue kwa nini?"

"Mama, wataalamu wamechunguza."

"Walimhoji nani? Sangara?"

Nimesoma ripoti za ajali tangu ujana wangu. Mwenye kosa huwa ni marehemu, maana yeye hakati rufaa.

Mwalo ulipopotea machoni, injini ikazimwa. Mtumbwi ukatusogelea, mpiga kasia akafungua gunia. "Vueni jaketi upesi, boti ya pili inasubiri kukaguliwa!"

Nuruddin alikuwa ameshavua yake. Mama Enock akakaza mikanda.

"Mayu, mama yangu, vua," mpiga kasia alimwambia.

"Njoo univue wewe."