Mkubwa Hakupimwa: Maisha ya Derick Theonest, Fundi wa Helikopta

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Gombani, nanyi maofisa mliovuka maji kuja kumzika ndugu yetu, naitwa Consolatha Theonest, dada wa marehemu, familia imenituma nisome maisha yake, nami nitayasoma yote, mwenye haraka aniwie radhi.

Derick alizaliwa Chake Chake tarehe 14 Machi 1990, kitinda mimba wa Mwalimu Theonest na Mama Conchesta, waliokuja Pemba kutoka Bukoba mwaka 1984 wakisema wanakaa miaka miwili, na mpaka leo wapo. Alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1997, akamaliza sekondari mwaka 2008, na kila likizo ya msimu alikuwa kibarua kwenye kituo cha kununulia karafuu, kazi yake kushika mzani, wakulima wakampenda kwa kuwa hakumpunja mtu hata robo kilo.

Aliingia jeshini mwaka 2010, akasomea ufundi wa ndege kuanzia 2012 hadi 2014, na tarehe 3 Aprili 2017 alikabidhiwa helikopta ndogo ya injini moja, ya kupandisha chakula na dawa na kushusha wagonjwa kwenye kambi ya mlimani huko bara. Mimi sikusomea ndege, nasema alivyonieleza, kule juu hewa ni nyepesi, mapanga yanazunguka lakini hayapati cha kushika, kwa hiyo wanang'oa viti, wanaacha milango chini, mafuta wanatia ya kwenda na kurudi tu, na kila kilo ina hesabu yake. Derick akatafuta mzani wa mizigo, akauweka kando ya uwanja, hapandi mtu mpaka asimame juu yake na mabuti yake na begi lake, wenzake wakamcheka, wakamwita Karafuu, naye akacheka nao huku akiwapima. Miaka minane alifanya hivyo, na helikopta ile haikupata hata mkwaruzo.

Tarehe 28 Julai 2018 alifunga ndoa na Jenitha, wakajaliwa binti mmoja, Elvina, ambaye sasa ana miaka sita na anasikia kila linalosemwa juu ya baba yake, ndiyo maana leo nasema kwa sauti.

Tarehe 6 Mei 2025 asubuhi, alifika uwanjani mkubwa mmoja wa kikosi, anakwenda kambini kwenye sherehe, ana masanduku mawili ya vinywaji, Derick akamwomba kwa heshima zote asimame kwenye mzani, akajibiwa kwamba mkubwa hapimwi kama polo la karafuu, kilo zake akazitaja mwenyewe kwa mdomo, na masanduku yakapakiwa hivyo hivyo. Derick akasema basi yeye abaki, chombo kipate nafuu, akaamriwa apande, eti fundi anayeogopa kupanda ametengeneza nini. Walifika juu, wakati wa kutua helikopta ikakosa nguvu, ikaporomokea kwenye mawe. Mkubwa alivunjika mkono wa kushoto. Ndugu yangu alivunjika mgongo, akalala hospitali siku kumi na tisa, akatusimulia haya yote mimi na Jenitha, na tarehe 25 Mei, saa nne asubuhi, akafariki.

Juzi tukaletewa karatasi kutoka kikosini, tuisome hapa mbele yenu, imeandikwa kwamba ajali ilitokana na uzembe wa fundi aliyeruhusu chombo kiondoke bila kupima uzito. Derick! Derick asipime! Hivi hamna haya hata kidogo, mtu mmemuua, na jina lake nalo mnataka tulifukie kwa mikono yetu wenyewe?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza na kumwosha siku zote zile bila kukunja uso, tunawashukuru majirani, hasa Bi Mwatum, aliyefunga jiko lake akahamia kwetu, na ambaye tangu jana ananiambia karatasi ile niitie motoni. Tunamshukuru Kapteni Nyange, rubani wa siku ile, yule pale mwenye magongo, aliyekuja kwa baba yangu bila kutumwa, akaandika kwa mkono wake nani aliagiza nini, akatia saini, akijua fika kazi yake ipo hatarini.

Amebaki mkubwa, ambaye amekaa kiti cha mbele na bandeji yake. Sikutaji jina, unajijua. Kalamu hii hapa, na karatasi nyeupe hii hapa, baba amekataa jeneza linyanyuliwe kabla hujaandika kwamba ulikataa kupimwa, nasi wanawe tumekubaliana naye. Derick, mdogo wangu, pumzika kwa amani, kaburi lako limeshachimbwa, litangoja mpaka mkubwa amalize kuandika.