Bati Lenye Nyayo za Mama Yenu

Sogeeni wanangu, na mlango uacheni wazi, wala mtu asinishike mkono kwa sasa, maana mkono huu una hasira na sijui utamfanya nini atakayeushika. Msiniambie nipumzike. Nimepumzika wodini mpaka mgongo ukaota vidonda, na faida ya mapumziko yangu nimeikuta bandani siku niliyorudishwa: gari langu limetolewa sakafu kama kuku aliyetolewa utumbo.

Wewe kifunguamimba, simama hapo dirishani nikuone. Na wewe unayemfuata, hiyo simu iweke mfukoni, atakayepiga atangoja. Kitindamimba wangu, dada yenu, amekaa hapa miguuni pangu na aendelee kukaa, yeye sina neno naye. Nyinyi wawili ndio nina ugomvi nanyi, na sitaki kuondoka na ugomvi kifuani, kwa sababu kifua chenyewe mnakisikia kinavyokoroma, hakina tena nafasi ya mizigo.

Mlisema, "Mzee harudi." Msitazamane! Nimeambiwa, tena na watu wasiokuwa na tabia ya umbea. Daktari alitikisa kichwa, nyinyi mkakimbilia grainda la kukatia chuma. Mmoja akasema gari ni lake kwa kuwa ndiye mkubwa, mwingine akasema ameshapata mteja, naye mteja alipokuja na viatu vyake vya ngozi magoti yakagonga usukani, akacheka, akasema hili gari la kuchezea watoto. Basi hapo nyinyi, ambao tangu utotoni hamjawahi kukubaliana hata nani aoge kwanza, mkakubaliana palepale kwamba nafasi ya miguu ni ndogo, na kwamba baba yenu alikosea vipimo.

Mimi! Nimekosea vipimo!

Mkalifungua bati la sakafu upande wa dereva, lile lililobeba pedali zote tatu, mkalitupa nje. Mkaukata ukuta wa bati unaomtenga dereva na injini. Mkachukua pedali za gari jingine mkazipachika kule mbele, na sasa klachi imekaa juu ya bomba la moshi, mtu akitoka hapa kufika sokoni soli imeshalainika. Na breki, enyi mafundi wakubwa, breki yenu inagota kwenye giaboksi kabla haijafika mwisho. Nimemwambia dada yenu aikanyage nikiwa nimeegemea fimbo pale bandani, nikasikia kwa masikio yangu chuma kikigonga chuma. Mlikuwa mnamwuzia mtu jeneza lenye magurudumu, kisha mje mniwekee maua kaburini mkiwa mmevaa suti. Wallahi, ningekuwa na nguvu ningewachapa na uzee wenu huo.

Nipe maji, binti yangu. Kidogo tu. Basi.

Sasa nisikilizeni niwaambie kwa nini nafasi ile ilikuwa ndogo, maana miaka yote mmekula na kulala mkilitazama gari lile na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza. Bodi niliitoa kwenye pikapu iliyokuwa imeota majani nyuma ya kiwanda cha mbao, chasisi nikaiunga mwenyewe, na injini ilikuwa ya lori, ndefu, nzito, na hapo ndipo kazi iliponitoa jasho. Injini ya lori haikutengenezwa kuingia mahali pale. Nikiisogeza mbele, pua ya gari inakuwa kama ya mamba. Nikiirudisha nyuma, ukuta unaingia ndani na giaboksi inajaa katikati, dereva anabakiwa na kijishimo cha kuwekea miguu. Mimi nikataka pua fupi. Nilitaka gari langu lipendeze, siwafichi wala siombi radhi. Nikairudisha nyuma.

Ilipofika kazi ya pedali, loo! Nikizisogeza kushoto, klachi inakwaruza giaboksi. Nikizisogeza kulia, kiatu changu kinakanyaga breki na mafuta kwa pamoja, ukitaka kusimama injini ndiyo kwanza inanguruma. Nilizifunga, nikazifungua, nikazifunga tena. Nikavua kiatu, bado mguu ni uleule wa baba yangu, mpana kama koleo. Nikashikwa na hasira, nikairusha spana, na alama yake ipo mpaka leo pale ukutani mnapotundikia nguo za kazi. Mama yenu akatoka ndani, mikono ina povu la sabuni, akauliza, "Umeshaua mtu huko?"

Nikamwambia aniache. Hakuniacha. Lini mama yenu aliniacha? Akapanda ndani miguu mitupu, akakaa kwenye kreti la soda kwa sababu kiti kilikuwa bado, akatumbukiza miguu mle shimoni, kushoto, kulia, akakanyaga pedali moja moja. Akanitazama. "Mbona mimi nimeenea?"

"Umeenea kwa sababu miguu yako ni ya kitoto."

"Basi hili ni langu. Wewe katafute la kwako."

Nilinuna, wanangu. Nilinuna kutwa nzima, chai yangu ikapoa mezani. Kisha nikarudi na kipande cha chaki, nikamwambia akae tena palepale, asitikisike, nikapiga magoti nikamchora nyayo zake mbili juu ya lile bati, naye anacheka kwa kutekenywa, ananiambia, "Kidole gumba usikisahau, nacho ni changu." Na kwa kuwa chaki hufutika na rangi hufunika, nikachukua ncha ya chuma na nyundo ndogo, nikaifuata ile michoro, nukta baada ya nukta, mpaka nyayo za mama yenu zikakaa kwenye chuma. Pedali nikazipima kutoka hapo. Sikukosea kipimo hata cha unywele. Hicho mlichokiita kosa ni miguu ya mama yenu.

Akaendesha yeye, mimi nikakaa pembeni. Watu pale kona wakacheka mpaka wakashika mbavu, fundi mzima amejenga gari halafu anabebwa na mkewe, wakanibandika jina la Abiria. Nanyi shuleni mkaitwa watoto wa Abiria, mkarudi nyumbani mnalia, na naona mpaka leo machozi hayajawakauka. Msidhani sijui. Si mteja tu aliyewatia kiherehere, ni lile jina. Mlitaka gari la kukaa mwanaume na viatu vyake, ili watu wasahau kwamba baba yenu alikuwa akibebwa. Mimi sikuwahi kuona haya! Nilikuwa nikikaa pale pembeni, dirisha wazi, kiwiko nje, namtazama akikanyaga klachi kwa vidole vile vya miguu, na hakuna mfalme niliyemwonea wivu. Mlioona haya ni nyinyi, na haya yenu mkaenda kuimalizia kwenye nyayo za mama yenu aliyewazaa.

Alipoondoka duniani, gari lilisimama. Nani alijua kwamba raba za breki zikikaa bila kukanyagwa hukauka na kunata? Nyote mlijua, niliwafundisha mezani mkiwa na meno ya utoto. Nani alikwenda kuzikanyaga? Huyu hapa, dada yenu, kila wiki akitoka kazini anapanda mle ndani amevua viatu, anakanyaga breki, anakanyaga klachi, anafunga mlango, anakwenda zake, bila kumwambia mtu. Na mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mkokoteni wake akaliokota lile bati mlilolitupa, ni yeye aliyemkimbilia barabarani na kandambili mkononi akalirudisha. Mnajua liko wapi? Wewe mkubwa, inama. Inama nimesema, angalia chini ya kitanda changu. Nimekuwa nikililalia tangu nirudi, nanyi mnaingia kunijulia hali na kunitengenezea mto.

Litoe. Ondoa hiyo shuka. Weka kiganja hapo, juu ya kisigino, zipapase hizo nukta. Na wewe uliye nyuma yake, usijifute pua kwa mkono, nawe weka chako.

Hivi ndivyo ninavyousia, na atakayegeuza neno langu asiseme yeye ni wangu. Nyumba ni yenu watatu na haiuzwi maadamu dada yenu anaishi ndani yake. Wewe mkubwa, vyombo vyangu vya kazi ni vyako, kwa kuwa mikono unayo, uliyokosa ni adabu, na labda vyombo vitakufundisha. Wewe wa pili, chukua lile banda la mbele lifanye duka, maana kuuza unajua, ila uza cha kwako. Gari ni la kitindamimba. Si kwa huruma. Ana miguu ya mama yake, mtazameni, nanyi mkiingia mle mtakaa pembeni kama nilivyokaa mimi.

Sasa tokeni. Si kesho, sasa hivi, ningali nasikia. Matundu ya bolti yapo kwenye chasisi, hayo hamkuyagusa, nyinyi mnajua kukata tu. Ondoeni takataka yenu, lirudisheni bati, waya wa swichi ya breki ule mwekundu, unaowasha taa ya nyuma, uunganisheni. Mafuta ya breki mtajaza baadaye. Nendeni!

Nawasikia... Hiyo spana ni kubwa, utazila kona za nati, chukua inayofuata... Ndiyo. Usikaze ya kwanza mpaka zote zimeingia... Acheni kubishana... Wanafanya kazi pamoja, sikia... Binti yangu, nenda nawe. Mimi niko, siendi popote. Vua viatu.

Wanangu, hasira bado ninayo, lakini imeanza kuchoka. Mungu awape mikono isiyotetemeka na mtu wa kuwacheka mkinuna. Mnizike karibu naye... gari litangulie, aendeshe dada yenu... nanyi mkae pembeni, dirisha wazi...

Kuna giza kule bandani, nikitazama mlangoni sioni... Kanyaga, mwanangu. Breki. Kanyaga...

Nyekundu. Ukutani, naiona. Imewaka.

Usiachie. Usiachie kwanza.