Mzee Nkya na Kengele ya Usharika

Mzee Elirehema Aminieli Nkya alizaliwa Machame tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Aminieli na Mama Anna. Alisoma huko huko Machame, kisha akajifunza ufundi wa mitambo Moshi.

Mwaka 1986 alihamia Levolosi, akaajiriwa kuwa mkaguzi wa usalama kazini. Kwenye majengo alikagua winchi na vyeti vya madereva wa winchi hizo. Maneno matamu hayakumyumbisha, na soda alikunywa ya kwake. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Ndeshi, ambaye kaka yake, Fanuel, anaishi Maji ya Chai.

Mwaka 2015 usharika wetu ulikuwa unapandisha kengele mpya mnarani. Kwenye winchi alikaa Fanuel, dereva hodari asiye na cheti. Mzee akasimamisha kazi mbele ya waumini wote.

"Mzee Nkya, hii ni kazi ya Mungu," wazee wa kanisa walimsihi.

"Hata kengele ya Mungu, kamba ikikatika, inaanguka chini," akajibu. "Na chini wamejaa watoto wa kwaya."

Mnara ukawekwa wakfu bila kengele. Fanuel akaacha kukanyaga nyumbani kwa Mzee, na Mama Ndeshi akabaki katikati, huku mume, huku kaka. Jambo hilo lilimuuma Mzee.

Wiki ya Pasaka akachuma jani la isale, kama ilivyo desturi yetu Wachagga ya kuomba radhi, akampelekea shemeji yake.

"Kukusimamisha sijutii," alisema. "Ila nilikuaibisha mbele ya watu. Hilo nisamehe, shemeji."

Isale halikataliwi. Fanuel akalipokea, akanuna kidogo, kisha akauliza, "Hayo mafunzo ya kupata cheti yanaanza lini?"

Mzee alikataa kumpima ndugu yake; akamwachia mkaguzi mwingine. Fanuel alifaulu, na ndiye aliyepandisha kengele. Mzee alisimama chini akitazama juu, machozi yakimtoka.

Tangu mwaka juzi figo zilimsumbua. Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2025, akiwa ameshikwa mkono na Mama Ndeshi.

Ameacha mjane, watoto watatu, Anande, Arnold na Agnela, wajukuu watano, na shemeji yake Fanuel. Kengele mliyoisikia asubuhi ya leo ndiyo ile. Fanuel aliomba aipige mwenyewe.

Lala kwa amani, Mzee wetu. Kengele iko salama.