Hodi ya Bazilio

Kijiwe chetu kipo Kasulu, barabara ya kwenda Nyarugusu: benchi la mkaratusi, jiko la mkaa na birika la Immakulata, muuza kahawa wetu. Kwa kawaida tunabishania mpira. Asubuhi ile tulibishania ardhi tuliyoikalia. Marehemu Mzee Anania alimpa Immakulata kipande hiki kwa mdomo tu, akamwonyesha mpaka: mstari wa minyaa. Mzee akafariki, minyaa ikakauka, na sasa mwanawe Bazilio anataka kujenga fremu za maduka mpaka hapa tulipoweka miguu. Kesho wote wawili wanaitwa baraza la kata. Kipande kikienda, Immakulata hana pengine pa kuweka jiko, na jiko hilo ndilo linalolisha wanawe. Mimi nilicheka na wenzangu, lakini moyoni niliogopa.

Aliyeanza ni Spika, dereva wa bodaboda, mtu asiyeishiwa maneno.

SPIKA: Kwani hilo baraza litampa nani?

KATIBA (karani mstaafu, mpenda sheria): Halimpi mtu. Siku hizi baraza la kata halihukumu, linasuluhisha tu. Wakishindwana ndiyo waende wilayani.

SPIKA: Sasa mtu hahukumu, hafungi, hatozi faini. Anafanya nini pale?

KATIBA: Anasikiliza.

SPIKA: Hata mimi nasikiliza! Kuna abiria kanisimulia ndoa yake toka Kibondo mpaka hapa, na ndoa haijapona.

PAPA CADET (fundi cherehani, mzaliwa wa Uvira): Bon, mie najua. Wanakuchosha. Unaongea asubuhi, unaongea mchana, njaa inauma, mwisho unasema: chukueni paseli yenu, hicho kiwanja, mie niende kula.

SPIKA: Basi Immakulata, kesho shindilia ugali wa muhogo. Bazilio aje na njaa yake.

KATIBA: Acheni utani. Wasuluhishi wanafundishwa kunyamaza. Wewe ukiona kimya unaanza kukijaza, mara umeshasema ukweli.

SPIKA: Kumbe ni mitambo! Mwongo akikohoa tu, wameshamnasa.

PAPA CADET: Na meza yao ni ya duara, makusudi kabisa. Ukiizunguka sana kichwa kinavurugika, kila mtu unamwona ndugu yako.

IMMAKULATA: Yemwe, jamani! Mimi nauliza kimoja. Nikiongea kwa upole, si watasema nimekubali kushindwa?

KATIBA: Ukiwa ndani ya usuluhishi, sema; ya humo hayashikwi kuwa ushahidi. Hapa nje, chunga mdomo wako. Bazilio akitokea usimjibu kitu.

Hata hajamaliza, Bazilio huyo. Tangu ugomvi uanze hakuwa amekanyaga kijiweni, yeye aliyezoea kuwahi kikombe cha kwanza. Akasimama pale ilipokuwa minyaa.

BAZILIO (akisalimia kwa Kiha): Mwakeye. Hodi hapa.

Tukakodoa macho. Kijiweni hakuna anayepiga hodi. Unafika, unamsukuma mwenzio, unakaa.

SPIKA (kwa kunong'ona): Mwitikie karibu, haraka! Anayepiga hodi ni mgeni. Kakiri si kwake!

KATIBA: Asiitikie! Huo ni mtego.

PAPA CADET: Na tukinyamaza, akajikaribisha mwenyewe?

BAZILIO: Nawasikia. Basi niambieni, hodi ya hapa anaitikia nani?

Spika akaangalia pikipiki yake. Miaka yote tumekaa hapo tukijua kila kitu, na hilo hatukulijua.

Immakulata akainua birika, akalitikisa. Ilibaki kahawa ya kikombe kimoja. Akaimimina nusu kwa nusu katika vikombe viwili.

IMMAKULATA: Baba yako alikuwa anakunywa bila kashata. Na wewe bado?

BAZILIO: Bado.

IMMAKULATA (kwetu): Sogeeni.

Tukasogea mpaka Papa Cadet akaning'inia nusu nje ya benchi. Bazilio akakaa. Immakulata, ambaye hajawahi kukalia benchi hilo tangu alinunue, akakaa ubavuni mwake na kikombe chake. Hakuna aliyesema karibu. Sisi wengine tukabaki na vikombe vitupu, tukinyamaza kama wasuluhishi wa Katiba.

Kisha Bazilio akaanza kusema.