Ng'ombe Mgonjwa Niliyempa Wifi

Ndugu zangu wafugaji, mwakeye. Walio nyuma sogeeni, maana sauti yangu siku hizi ni ya kuazima. Shule niliishia darasa la pili, lakini majina ya watu wote wa kijiji chetu ninayo kichwani, waliopo na waliotangulia. Leo sitataja hata mmoja. Nitataja ng'ombe tu.

Nilikuwa nao wanne: Bihogo, Gaju, Gitare na Bugondo. Mume wangu alikwisha kufariki. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, tumeshushwa kutoka milimani tukajengewa kwa mistari upande wa Ilagala. Ng'ombe waliozoea kila kundi kilima chake, sasa wakanywa maji mahali pamoja.

Masika moja Bihogo akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, shingo kaivuta mbele, miguu ya mbele kaitanua kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Ukimgusa mbavuni, anaguna. Nikasema ni vumbi. Vumbi la masika, ndugu zangu!

Kisha bwana mifugo akatangaza: kuna homa ya mapafu ya ng'ombe, kesho napita zizi kwa zizi, anayekohoa atachinjwa. Nikaona nitabaki mjane asiye na kitu.

Mnajua kwetu Waha, kumgabira mtu ng'ombe ni kumpa amtunze, anywe maziwa, na siku moja akurudishie ndama. Ndio undugu wenyewe. Ng'ombe wa kugabira akipita njiani hakuna anayeuliza. Basi alfajiri nikamswaga Bihogo mpaka kwa wifi yangu, kijiji cha pili.

"Wifi, una wazimu? Unanigabira jike lenye maziwa?"

"Pokea kabla sijabadili mawazo."

Akapiga vigelegele. Akanifungia kuku wa shukrani. Kuku yule nilimla, Mungu anisamehe.

Bwana mifugo akakuta watatu wazima, akaenda zake. Kule kwa wifi, Bihogo akanenepa, kikohozi kikapungua. Nikajisifu. Kumbe ugonjwa huu hujificha mapafuni, ng'ombe anameremeta huku anawapulizia wenzake. Haikupita muda, wifi akapoteza watatu. Kwangu akafa Gitare.

Watu wa wifi wakasema huu ni mkono wa mtu. Wakamshika bibi mmoja jirani yake, mjane kama mimi, kwa kuwa alisimama zizini akasema, "Ng'ombe wazuri hawa." Ukaitwa mkutano afukuzwe kijijini. Nami nikaenda.

Nikamkuta amekaa chini, mkeka na chungu amekwisha kuvifunga.

"Sema uliweka nini zizini!" wakamwambia.

"Niliweka macho, baba. Ng'ombe wa watu hawatazamwi?"

Miguu yangu ilisimama kabla yangu. Nikasema, "Aliyewaua ni mimi."

"Kaa chini, wifi, hapa hatutanii."

"Sitanii. Bihogo alikuwa anakohoa kabla sijakuletea. Nilijua."

Akaitwa bwana mifugo. Bihogo akachinjwa mbele ya wote, kifua kikapasuliwa. Pafu moja lilikuwa limegandamana na mbavu, gumu kama ini lililochemshwa. Bwana mifugo akasema, "Mlikuwa mnatafuta uchawi? Uko hapa." Yule bibi akafungua mzigo wake taratibu.

Bwana mifugo nikampeleka mwenyewe kwenye zizi langu. Gaju na Bugondo nao walikuwa wagonjwa. Wakachinjwa. Nikabaki na kamba nne.

Wifi hakuitika salamu yangu miaka miwili. Nikalima mihogo. Na kila chanjo ilipokuja, nilitangulia nyumba kwa nyumba kuwaamsha watu watoe ng'ombe. Wakaniimba: "Mama Kikohozi huyo!" Nikaitika: "Ndiye mimi. Toeni ng'ombe." Nilikuwa nimeapa kwamba hakuna zizi litakalokufa tena kwa ajili ya mtu kunyamaza, hata kama mdomo wa kusema ni huu wangu uliochelewa.

Siku moja naona wifi anakuja, anaswaga mtamba mwekundu.

"Nakugabira," akasema. "Huyu hakohoi. Nimemlaza mlangoni kwangu wiki nzima namsikiliza."

Ndugu zangu, nilichukua moja ya zile kamba nne, nikamfunga.

Namshukuru yeye. Namshukuru bwana mifugo, ambaye hakunitukana siku ile. Na zaidi namshukuru yule bibi, maana kijiji kizima cha wifi kiliponikalia kimya, yeye ndiye aliyeitika salamu yangu wa kwanza.

Nawaambia hivi: ng'ombe akikohoa, asitoke zizini mwako. Asiuzwe, asigabirwe, asiazimwe. Kaa naye, mwite mtaalamu. Utapoteza ng'ombe, lakini hutapoteza watu.

Nimesikia kuna mwenzetu humu ndani ana ng'ombe anayekohoa, na jana alikuwa anamtafutia mnunuzi. Bwana mifugo ameketi pale mlangoni. Inuka, mwanangu. Nakuja tukamwambie pamoja.